Anayeshika Nyundo Hasemeshwi

Kelele ilianza barabara ya Misungwi, nikiwa narudi na ndoo tupu za dagaa. Mwanzoni nilidhani ni mnyororo. Nikasimama kando, nikaukagua, nikaudondoshea oili kidogo, nikapanda tena. Kelele ikaendelea, kama mtu anayetafuna wali wenye mchanga, na kila nilipokata kona nilihisi nyuma ya pikipiki inakwenda upande wake na mimi upande wangu. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na mwaka wa pili sasa wa kuchoka, tangu mume wangu apooze mkono na mguu wa kulia, kwa hiyo hata sikuogopa. Nilichowaza ni kwamba kuna kazi nyingine inanisubiri nyumbani.

Pikipiki ile ilikuwa yake. Yeye alikuwa fundi wa mashine za mitumbwi, zile zinazofungwa nyuma ya mtumbwi, na kwa miaka mingi nilikuwa abiria wake tu, nimekaa upande na kikapu mapajani. Alipopata kiharusi ilibidi nijifunze kuendesha, mama mwenye miaka arobaini na minane, kwenye uwanja wa shule, siku za Jumamosi, na kila aliyepita alikuwa na ushauri wa kunipa. Nilianguka mara nne. Mara ya tano nikafika Kirumba, na tangu hapo kila alfajiri niko soko la Mwaloni kugombea dagaa na wanawake wenye viwiko vikali kuliko vyangu, kisha nazunguka kuuza, kisha narudi Igogo kupika, kumwogesha mtu mzima, na kufua. Wanaosema mwanamke ana nguvu za ajabu mara nyingi hawajawahi kufua shuka la mgonjwa.

Siku za kwanza hospitalini hakuweza kusema. Maneno yalirudi moja moja, yakichechemea kama mwenyewe, na sentensi kamili ya kwanza aliyonipa nimeishika mpaka leo. Alisema, "Mkono uende. Mguu uende. Kichwa kibaki."

Nilijua anamfikiria nani. Baba yake alikuwa fundi wa mitumbwi kule Mara, fundi hasa, na naye kiharusi kilimpata uzeeni. Mwili ulipona kidogo lakini akili ikaanza kuondoka. Aliomba misumari ya mtumbwi uliokwisha kuuzwa miaka kumi nyuma. Mwisho akawa anamwamkia mke wake shikamoo, akidhani ni mama yake mzazi, na mama mkwe alikuwa anaitikia marahaba huku machozi yanamtoka. Mume wangu aliyaona hayo yote kwa macho yake. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla hajainuka kitandani, alijipa mtihani. Alitaja vipande vya mashine ya mtumbwi kimoja baada ya kingine, kuanzia kamba ya kuwashia mpaka pangaboi. Akifika mwisho bila kukosea, ananiita nimlete chai. Akikwama, anaanza upya, na chai inapoa.

Nilipofika na ile kelele nilimkuta amekaa kwenye kiti chake mlangoni. Nyumba yetu iko kwenye mawe, juu kidogo, pikipiki inafika lakini gari halifiki, na uwanja wetu ni jiwe moja kubwa bapa ambalo hakuna aliyewahi kufikiria kulivunja. Alinisikia kabla hajaniona.

"Zima," alisema. "Inyanyue kwa stendi kubwa. Shika tairi la nyuma, litikise kushoto na kulia."

Nikalitikisa. Likacheza.

"Beringi," alisema. "Umekuwa ukiiosha wapi hii pikipiki?"

Hapo nikajua nimepatikana. Nilikuwa naiosha ziwani. Vijana wa bodaboda huzisukuma pikipiki zao majini pale ufukweni mpaka maji yafike katikati ya tairi, wanasugua, wanapiga soga, na mimi nilipenda kwenda nao kwa sababu walinioshea ya kwangu huku nimekaa juu ya jiwe na miguu ndani ya maji. Kwa wiki nzima ile ndiyo robo saa ambayo hakuna aliyenihitaji. Mume wangu alikwisha kunikataza.

"Ziwani," nikasema.

"Maji yanaingia, grisi inatoka, beringi inakula kutu. Nilisema au sikusema?"

"Ulisema, Mzee."

"Basi, sikio la kufa halisikii dawa," alisema, lakini alikuwa anatabasamu kwa ule upande wa mdomo uliokuwa bado unatii.

Nikamwambia nitaipeleka kwa mafundi kesho, pale chini wamejaa kama dagaa. Tabasamu likaondoka. Akasema beringi hubadilishwa nyumbani, hajawahi kumpelekea mtu tairi lake tangu azaliwe. Nikamwuliza, kwa ukali ambao sikuupanga, atazibadilisha kwa mkono upi.

"Kwa wako," alisema. "Mimi nitakuwa kichwa, wewe utakuwa mkono. Mama, nikikaa hapa niangalie mtu mwingine anashika spana zangu, basi mimi nimekwisha. Sikutanii."

Nilitaka kukataa. Miguu ilikuwa inaniuma mpaka kwenye kiuno. Lakini nilimwangalia, nikaona kwamba hazungumzii beringi, nikasema sawa, Jumapili baada ya kanisa.

Kabla sijaendelea lazima nieleze jambo moja la ukweni, maana bila hilo sitaeleweka.

Nilipoolewa nilipelekwa Mara kukaa na wakwe zangu kwa muda. Baba mkwe alikuwa anajenga mtumbwi nyuma ya nyumba, na siku ya pili tu nilitumwa kumwita aje kula. Alikuwa anapigilia msumari. Nikasimama kwa adabu, nikapiga goti, nikasema chakula tayari. Hakunijibu. Wasaidizi wake hawakunijibu. Mama mkwe alikuja mbio, akanivuta kwa ncha ya kanga mpaka jikoni, akanipa sheria ya mji ule: anayeshika nyundo hasemeshwi. Neno linageuza kichwa, kichwa kikigeuka msumari unakwenda upande, na msumari uliokwenda upande ni maji ndani ya mtumbwi wa watu. Hata ukiona kosa, unanyamaza mpaka nyundo iwekwe chini. Nilikuwa bibi harusi, niliona aibu hadi nikashindwa kula, na sheria hiyo ikaniingia kuliko yote niliyofundishwa kanisani. Nimeishi nayo miaka ishirini na saba. Kwangu, mume wangu akipigilia hata msumari wa kutundikia kalenda, nyumba nzima ilikuwa inanyamaza, na watoto walijifunza hivyo hivyo kabla hawajaondoka kwenda kwenye maisha yao.

Jumamosi nilinunua beringi mbili mpya. Akaniagiza nizifunge vizuri kwenye nailoni na kuzilaza kwenye deli, lile sanduku langu la barafu, katikati ya sato, samaki niliokuwa nawauza pamoja na dagaa. Chuma kikipata baridi kinasinyaa kidogo, alisema, kitaingia bila ugomvi. Nikamwambia tairi litanuka samaki. Akasema mimi mwenyewe nanuka samaki na bado amenioa.

Jumapili tukaanza jua likiwa limeshapanda. Alitandika kitenge chakavu juu ya jiwe kwa mkono wake wa kushoto, taratibu, akikataa nimsaidie. Huo ulikuwa utaratibu wake, na nadhani ulikuwa wa baba yake: kila kinachotolewa kinalazwa kwenye kitambaa kwa mstari, kushoto kwenda kulia, kama kilivyotoka. Wakati wa kurudisha unaanza kulia unarudi kushoto. Kitambaa kikibaki kitupu, umemaliza. "Kichwa kinachoka," alikuwa anasema. "Kitambaa hakichoki."

Yeye kwenye kiti, mimi kwenye jiwe. Alinyoosha kidole, nikafungua nati. Ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, ilikataa, nikaigonga, ikatoka na kutu yake. Nikashusha mnyororo, nikavuta tairi, nikalilaza. Kila kitu akakipokea kwa mkono wa kushoto na kukilaza mahali pake. Kisha akanipa chuma kirefu chembamba nikipitishe katikati ya tairi, nitafute ukingo wa beringi ya upande wa pili, nigonge. Niligonga mpaka nikasahau dhambi zangu. Jasho liliniingia machoni. Kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini mwanaume huyu alikuwa anarudi nyumbani hataki kuongea.

Beringi ikachomoka ghafla, ikadondoka, na nyuma yake kikatoka kibomba kifupi cha chuma, kikabingirika juu ya jiwe kuelekea kwenye majivu ya jiko. Nikakikimbilia. Kilikuwa cheusi, kimejaa grisi iliyooza na mchanga wa ziwa, na nilipokiokota kikaongezewa majivu. Mume wangu hakuwa anatazama. Alikuwa ameishika ile beringi mbovu kwa kidole, anaizungusha karibu na sikio, anasikitika kama daktari. Kwa kuwa mikono yangu haijui kuweka kitu kichafu kwenye kitambaa, nikakitia kibomba kwenye beseni la mafuta ya taa lililokuwa mlangoni, kiloweke. Nikarudi, nikageuza tairi, nikagonga beringi ya pili. Sikumwambia. Haikunijia hata kidogo kwamba kuna cha kumwambia.

Tukapumzika, tukala viazi. Kisha akaniambia nimimine maji ya moto juu ya matambara yaliyozungushwa katikati ya tairi ili chuma kipanuke, na nilete beringi ya kwanza kutoka kwenye deli. Nikaiweka. Juu yake tukaweka ile mbovu ili nyundo isiumize mpya.

"Ukingo wa nje tu," alisema. "Wa ndani usiuguse. Gonga kidogo, zungusha, gonga tena."

Iliingia kama yai kwenye kikombe. Akacheka kwa sauti. Sikuwa nimesikia kicheko kile kwa muda mrefu. Alikuwa ameinama mbele kwenye kiti, shati limelowa, anaamuru kama zamani pale ufukweni alipokuwa na watu wanne chini yake. Nikageuza tairi. Akatazama kitambaa, akaona mstari wake, na kilichofuata kwenye mstari kilikuwa beringi ya pili. Akaionyesha kwa kidole. Nikaitoa mpya kwenye deli, nikaiweka, nikaanza kugonga.

Kwenye pigo la tatu nikainua macho kufuta jasho, nikaliona beseni. Ncha ya kibomba ilikuwa imechungulia juu ya mafuta ya taa.

Jina lake sikulijua. Lakini nimeishi na fundi muda wa kutosha kujua kwamba ndani ya mashine hakuna pambo. Kitu kilichotoka katikati ya beringi mbili kilitakiwa kurudi katikati ya beringi mbili, na moja ilikuwa imeshakaa na ya pili ilikuwa nusu. Mkono wangu ukasita hewani. Yeye, bila neno, akatikisa kidole: endelea.

Nikaendelea. Nikajiambia sheria ni sheria, wakati wa nyundo watu hawasemi. Na nilikuwa nimechoka, nilikuwa na nguo kwenye maji tangu asubuhi, nilitaka ile kazi iishe hata kama imeisha vibaya. Na nitasema na hili ambalo silipendi: alikuwa na furaha, na nilihisi nikitamka neno moja nitamnyang'anya. Nikamhurumia. Nikapiga mpaka beringi ikakaa kabisa.

Tukarudisha tairi. Tukarudisha mnyororo. Nikakaza nati, akajiinua kwa fimbo yake, akasogea mwenyewe, akalisukuma tairi kwa mkono wa kushoto lizunguke.

Halikuzunguka.

"Legeza."

Nikalegeza, likazunguka vizuri. Nikakaza, likagoma. Akaniambia nilegeze tena, nikaze tena. Mara ya tatu akaweka kiganja juu ya tairi akakiacha hapo. Nikaona uso wake unabadilika, upande mmoja kwanza.

"Bushi," alisema polepole. "Kile kibomba cha katikati, kinachozuia beringi zisibanwe. Hatukuweka bushi."

Akageuka kukitazama kitambaa. Kilikuwa kitupu. Alikitazama muda mrefu, akakinyanyua kwa fimbo, akaangalia chini yake.

"Nimeisahau bushi," alisema. "Kitu ambacho hata mtoto wa ufukweni hasahau. Sikuikumbuka hata kidogo. Hata kuitazamia sikuitazamia." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Imeanza."

"Nini imeanza?"

"Unajua." Akashika fimbo vizuri. "Tafuta mtu aichukue hii pikipiki. Na spana zote. Sitaki kuziona."

Akaingia ndani. Nikasikia kitanda kikilia.

Nilikaa juu ya jiwe na nyundo mapajani. Mtu mwenye akili angeinuka palepale. Mimi nikaenda kufua. Nilifua shuka mbili na kanga nne, nikazisuuza, nikazianika, na muda wote beseni lile lilikuwa pale mlangoni na mimi nalipita. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa pia na hasira naye, kwa sababu nilikuwa nimechoka hata kukosa, hata makosa yangu sikuwa na nguvu ya kuyabeba.

Nilipokuwa naanika kanga ya mwisho, karibu na dirisha, nikamsikia. Alikuwa anataja vipande vya mashine. Kamba ya kuwashia. Plagi. Alifika katikati akanyamaza, akaanza upya. Akafika mwisho, akaanza tena, haraka zaidi, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya mtumbwi kupinduka. Mchana kweupe, na yeye mtihani wake ni wa asubuhi.

Nikaacha nguo. Nikachukua kile kibomba kwenye beseni, nikaingia nacho kinadondosha mafuta ya taa sakafuni.

"Mzee, bushi hukuisahau."

"Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Ilibingirika kwenye majivu, nikaiokota, nikailoweka. Haikufika kwenye kitambaa chako. Wewe ulifuata kitambaa, na kitambaa nilikiharibu mimi."

Hakugeuka. Ningeweza kuishia hapo na ingetosha, lakini wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimechoka na kuficha pia.

"Na niliiona," nikasema. "Beringi ya pili ikiwa nusu. Niliiona kwenye beseni, nikanyamaza, nikagonga."

Akageuka. Ilimchukua muda, kwa mkono mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Uliiona?"

"Niliiona."

"Mimi nimelala hapa nazika kichwa changu, wewe unafua?"

Nikasema ndiyo, nilikuwa nafua. Sikuwa na namna ya kulipamba. Akaniuliza kwa nini nilinyamaza, nikamjibu sheria ya baba yako, anayeshika nyundo hasemeshwi. Akanitazama mpaka nikatamani anitukane.

"Na nyundo alikuwa ameshika nani?"

Miaka ishirini na saba nilikuwa nimeishika sheria ile kama mtu wa kunyamaza, na hata siku nilipokuwa nimeishika nyundo kwa mkono wangu mwenyewe, nimetokwa na malengelenge, sikujiona.

"Mimi," nikasema.

"Basi aliyetakiwa kunyamaza ni mimi. Wewe ulikuwa fundi." Akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaichukua bushi, akaifuta kwa shuka nililokuwa nimetandika asubuhi ile. "Mama, mkono wangu umekufa, sawa. Lakini ukianza kunihurumia, utakuwa umenizika na pumzi zangu. Nikikosea niambie. Nipigie kelele. Ulikuwa unanipigia kelele zamani."

Nililia basi, nimesimama pale, kwa uchovu zaidi kuliko majuto. Hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akaomba chai.

Beringi ya pili ilibidi kuitoa kwa kuigonga ukingo wa ndani, na beringi iliyogongwa hivyo haiaminiki tena, kwa hiyo Jumatatu sikuwa na usafiri. Nilirudi kutoka Mwaloni na dagaa kichwani na beringi nyingine mfukoni, nikailaza kwenye deli. Jumanne mchana akatandika kitenge. Vitu vikawa kwenye mstari, bushi ikiwa ya kwanza upande wa kulia, imeng'aa, aliisugua mwenyewe usiku kucha nadhani, maana tangu Jumapili hakuirudisha kwenye beseni. Nikamwaga maji ya moto. Akaitumbukiza bushi kwa mkono wake, akaingiza kidole kuhakikisha imekaa. Nikaweka beringi juu yake, nikashika nyundo.

Akafungua mdomo aniambie mahali pa kugonga. Akaitazama nyundo mkononi mwangu, akaufunga.

Sikugonga. "Mzee," nikasema, "kuna kitu tumesahau?"

Alikitazama kitambaa toka mwanzo mpaka mwisho, bila haraka. Kisha akafumba macho, na midomo yake ikacheza kidogo, kama anavyofanya asubuhi.

"Hakuna," alisema. "Gonga."